Kiboksi cha picha kinawaka taa lakini hakionekani kwenye mtandao: usikubali kufomati

SWALI: Shikamoo, fundi. Napiga picha na video za harusi, ofisi yangu iko Sinza. Kazi zangu zote naziweka kwenye kiboksi kidogo cha kuhifadhia chenye diski mbili za TB 2. Rafiki yangu aliondoa mfumo wa kiwandani akaweka Debian, mfumo wa jamii ya Linux, na kimefanya kazi miaka minne bila tatizo. Diski ya kwanza ina mfumo pamoja na picha za zamani, ya pili ina picha za karibuni. Ipo pia diski ya nje ya USB iliyokuwa inapokea nakala kila usiku. Wiki tatu zilizopita nilimpelekea binamu yangu Kigamboni anakili kazi fulani, bado iko kwake. Jumamosi jioni umeme ulikatika, ukarudi usiku. Tangu hapo kiboksi kinawaka taa na feni inazunguka, lakini kwenye kompyuta hakionekani. Fundi mmoja alitoa diski akaichomeka kwenye laptop yake, akasema imekufa, inadai kufomatiwa. Rafiki aliyekitengeneza yuko nje ya nchi, simpati. Nifanyeje? Humo mna harusi za watu za miaka sita.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole. Kabla hujasoma zaidi, shika hili moja: mtu yeyote asifomati diski yoyote kati ya hizo tatu. Mpigie na binamu yako leo hii, umwambie asiongeze wala asifute kitu kwenye diski aliyonayo. Kwa sasa hiyo ndiyo nakala yako pekee.

Alichokiona yule fundi nakifahamu, na simlaumu sana, kwa sababu laptop ndiyo iliyompotosha. Debian kwa kawaida hupanga diski kwa utaratibu unaoitwa ext4, na Windows haiusomi. Ukichomeka diski ya namna hiyo kwenye laptop ya Windows, haitakwambia kwamba diski ni ya Linux. Itakwambia inahitaji kufomatiwa ndipo itumike, na kitufe itakuwekea tayari. Diski nzima kabisa, kila picha ikiwa mahali pake, hupewa hukumu hiyohiyo. Nimeletewa diski zaidi ya moja ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote mpaka siku kitufe kile kilipobonyezwa.

Kwa hiyo muulize fundi wako swali moja la wazi: alikubali, au alilifunga lile dirisha? Kama alikubali, yaache yote yaliyo hapa chini, usiwashe tena diski hiyo, mtafute mtu anayefanya kazi ya kurejesha data. Kila kinachoandikwa juu yake sasa hula kitu kilichokuwa bado kinarudishika. Kama alilifunga tu, endelea kusoma ukiwa umetulia.

Katika maelezo yako kuna sentensi uliyoipita haraka, nami nimeirudia mara tatu: diski ya nje iko Kigamboni wiki ya tatu sasa. Uliichomoa kiboksi kikiwa kinafanya kazi, na hakuna kilichoonekana kubadilika, kwa sababu mfumo ukishaamka hauhakiki tena orodha ya diski zake. Ukaendelea kukitumia hivyo mpaka Jumamosi. Umeme uliporudi, kiboksi kililazimika kuamka upya, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuamka bila ile diski. Hapo ndipo ninapopashuku kuliko pengine pote.

Nikueleze kinavyoamka, maana ukiujua mlolongo utajua pa kutafuta. Ukichomeka umeme, kichakataji huanza na programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu ya bodi. Katika vingi vya viboksi hivi inaitwa U-Boot. Hiyo huamsha diski, huitafuta kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huipakia kwenye kumbukumbu na kuiambia mfumo umekaa patisheni ipi, yaani sehemu ipi ya diski. Kerneli hufungua patisheni hiyo kisha hukabidhi kazi kwa systemd, programu inayowasha huduma nyingine zote, na systemd husoma faili la /etc/fstab, ambalo ni orodha ya kila diski inayotakiwa kufunguliwa na folda itakapoonekana. Mtandao, kugawana mafaili, kuingia kwa ssh (kwa amri kutoka kompyuta nyingine), yote hayo huja nyuma ya hapo.

Diski yoyote iliyoandikwa kwenye fstab bila maelezo ya ziada huhesabiwa kuwa ya lazima. Ikikosekana, systemd huisubiri sekunde 90, kisha husimamisha uamkaji na kuingia hali ya dharura, ikiomba nenosiri la msimamizi. Kwenye kompyuta ya mezani ungeyaona maandishi hayo. Kiboksi chako hakina kioo wala kibodi. Kitaomba nenosiri bila mtu wa kuona, mtandao haujawashwa, taa zinawaka, feni inazunguka, na kitakaa hivyo mwaka mzima ukikiacha. Anayekitazama kwa nje atasema kimekufa.

Hiyo ni dhana yangu, na dhana lazima ipimwe. Tuanze na vipimo viwili vidogo.

Cha kwanza hakihitaji hata bisibisi. Umeme ukikatika, ruta nayo huzima, na ikiamka inaweza kugawa anwani upya. Kiboksi kilichokuwa 192.168.1.20 Ijumaa kinaweza kuwa 192.168.1.35 Jumapili, na ile njia ya mkato kwenye kompyuta yako ikawa inagonga nyumba aliyohama mtu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Na kama karibuni ulibadili ruta, kumbuka kwamba nyingi za laini ya simu hutumia 192.168.8.1, wakati rafiki yako huenda alikipa kiboksi anwani ya kudumu inayoanza na 192.168.1. Vitu viwili vizima kabisa, lakini havitaonana. Unganisha kiboksi na laptop moja kwa moja kwa kebo ya mtandao, ipe laptop anwani 192.168.1.50, ujaribu kukiita. Vitaa vya tundu la kebo visikudanganye: vinaweza kuwaka hata Linux ikiwa haijaamka.

Cha pili ni adapta ya umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wakitupa viboksi vizima kwa ajili ya adapta. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na ukirudi baada ya kukatika unaweza kuyumba kabla haujatulia. Wa kwanza kupokea kipigo hicho ni adapta. Diski ya inchi 3.5 huzungushwa na volti 12, na inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache. Ikishatulia hushuka chini ya ampea 1. Adapta iliyochoka, yenye kapasita zilizovimba, ukiipima kwa multimita ikiwa haina mzigo itakuonyesha volti 12 safi, kisha itaanguka mara diski zinapojaribu kuanza. Taa na feni hazitakwambia kitu, kwa kuwa zinakula umeme kidogo sana.

Zima kiboksi, toa diski ya pili, washa ukiwa na ya kwanza peke yake, ukiweka sikio karibu. Unatafuta mngurumo mmoja usiokatika. Usitarajie kitaonekana kwenye mtandao, maana sasa diski ya pili nayo inakosekana kwenye orodha. Unapima umeme tu. Diski ikianza, ikakata, ikaanza tena, jaribu adapta nyingine. Ukienda Kariakoo kuinunua, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi kwenye lebo ufanane na wa zamani. Adapta nyepesi kama kiberiti iliyoandikwa ampea 5, irudishe mezani.

Kama diski inagonga tik, tik, tik kwa mpigo ule ule hata kwa adapta nzima, hiyo imeumia kweli. Izime. Hapo kazi ni kuinakili yote kwa programu ya ddrescue kwenda diski nyingine kabla ya jambo lolote, na ni jibu la siku nyingine.

Tuseme inanguruma vizuri. Njia ya mkato ingekuwa kwenda Kigamboni, kuirudisha diski ya nje mahali pake na kuwasha. Kama dhana yangu ni sahihi, kiboksi kitaamka palepale. Wengi wangekushauri hivyo, na kwa mtu mwingine hata mimi ningemshauri. Kwako sitaki. Hiyo ni nakala yako pekee, na mashine unayotaka kuichomeka bado tunaishuku.

Badala yake, tumfuate mgonjwa nje ya kiboksi. Tafuta laptop, flashi ya GB 8 iliyoandikwa Debian au Ubuntu ya kuendeshwa bila kusakinisha, na adapta ya SATA kwenda USB, ile ya kuunganisha diski ya ndani na tundu la USB. Hakikisha adapta hiyo ina umeme wake wa volti 12, kwa sababu diski ya inchi 3.5 haiwezi kuishi kwa umeme wa tundu la USB. Washa laptop kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha. Kitufe cha kusakinisha usikikaribie.

Anza na diski ya pili. Najua shida iko kwenye ya kwanza, lakini hesabu nami: nakala zilisimama siku diski ilipokwenda Kigamboni. Harusi ulizopiga katika wiki tatu hizi ziko mahali pamoja tu duniani, nalo ni hiyo diski ya pili. Fungua dirisha la amri, andika

lsblk -f

nayo itakuorodheshea diski na patisheni zake. Itambue kwa ukubwa. Tuseme imejitokeza kama sdb1. Ifungue kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Nakili kwanza zile za wiki tatu kwenda diski nyingine yoyote uliyonayo, kisha zinazobaki kadiri nafasi inavyoruhusu. Picha zikifunguka hapo, utakuwa pia umepata jibu la yule aliyesema diski imekufa. Ukimaliza, andika sudo umount /mnt ndipo uichomoe. Picha za zamani zilizo kwenye diski ya kwanza zifanyie vivyo hivyo.

Sasa tuutazame mfumo wenyewe. Kwenye diski ya kwanza, patisheni ya mfumo ni ile ambayo ukiifungua unakuta folda za etc, var na home. Debian za karibuni huweka kumbukumbu ya kila uamkaji kwenye diski, na unaweza kuisoma kutoka laptop:

sudo journalctl -D /mnt/var/log/journal --list-boots

Kila mstari ni uamkaji mmoja na tarehe yake. Swali ni moja: je, kuna uamkaji wa baada ya Jumamosi? Soma tarehe kwa uangalifu, kwani kama betri ndogo ya saa kwenye bodi imekwisha, au bodi haina kabisa, kiboksi huamka kikidhani ni mwaka mwingine mpaka kipate saa kutoka mtandaoni. Usiitupe rekodi kwa sababu tu tarehe yake ni ya ajabu.

Ukiuona uamkaji huo, U-Boot na kerneli vilifanya kazi zao na shida iko kwenye mipangilio. Tazama mistari ya mwisho:

sudo journalctl -D /mnt/var/log/journal -n 300

Unatafuta maneno Timed out waiting for device, yakifuatiwa na Dependency failed for na jina la folda ya nakala. Ukiyakuta, tumemshika. Ifungue patisheni kwa kuandika pia, kisha nakili fstab kabla ya kuigusa:

sudo mount -o remount,rw /mnt
sudo cp /mnt/etc/fstab /mnt/etc/fstab.zamani
sudo nano /mnt/etc/fstab

Utakuta mstari unaofanana na huu:

UUID=... /mnt/nakala ext4 defaults 0 2

Ubadilishe uwe hivi, zile herufi ndefu za UUID, yaani kitambulisho cha patisheni, ukiziacha kama zilivyo:

UUID=... /mnt/nakala ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Neno nofail linaiambia systemd kwamba diski hii ikiwepo ifunguliwe, isipokuwepo safari iendelee. Kipande cha pili kinapunguza subira kutoka sekunde 90 hadi 10. Mstari wa diski ya pili nao uwekee nofail, ili siku ikiharibika kiboksi kiamke hata hivyo. Mstari wa mfumo wenyewe, ule wenye alama / peke yake katikati, usiuguse.

Tazama pia kama kuna mistari inayoanza na /dev/sda1 au /dev/sdb1 badala ya UUID. Majina hayo hugawiwa kwa mpangilio wa diski zilivyojitokeza wakati wa kuamka, kwa hiyo kuondoa au kuongeza diski moja kunaweza kuyasogeza. Diski iliyoitwa sdb mwezi uliopita inaweza kuitwa sda leo. UUID imeandikwa ndani ya patisheni yenyewe na huenda nayo popote. Ile lsblk -f uliyoiendesha mwanzo inaionyesha. Inakili kwa uangalifu, herufi moja ikikosewa ni sawa na diski kutokuwepo.

Kabla hujairudisha diski kwenye kiboksi, ifunge na uikague ukiwa bado kwenye laptop:

sudo umount /mnt
sudo e2fsck -f /dev/sdb1

Weka jina ulilolipata kwenye lsblk. Umeme ulikatika kiboksi kikiwa kinaandika, na ukaguzi huu hunyoosha yaliyoachwa nusu. Naupenda ufanyike kwenye laptop kwa sababu viboksi vingi vya aina hii vina kumbukumbu ya MB 256 au 512 tu, na kukagua diski kubwa yenye mafaili mengi kwa kumbukumbu hiyo kunaweza kuchukua saa nyingi au kukwama kabisa. Ukaguzi ukianza kukuuliza maswali mfululizo, mamia kwa mamia, acha na uje tuzungumze. Hiyo ni dalili ya jambo zaidi ya kukatika kwa umeme.

Rudisha diski zote mbili, kila moja kwenye nafasi yake ileile, washa, kipe dakika tatu. Natumaini utakiona.

Kikiamka usifurahie mpaka umalize jambo hili, kwa sababu nofail ina madhara yake. Kila usiku programu ya nakala itaandika kwenye folda ya /mnt/nakala. Diski ya nje isipokuwepo, folda hiyo bado ipo, ila sasa ni folda tupu ndani ya patisheni ya mfumo. Programu haitajua tofauti. Itamimina picha humo mpaka patisheni ijae, na mfumo usio na nafasi hata ya kuandika kumbukumbu zake utakuletea balaa jingine. Nilikutana na hili Magomeni, kwenye kiboksi cha duka moja: kilikuwa kikijaa upya kila baada ya kusafishwa, na mwenyewe alikuwa amekwisha kununua diski mbili mpya bure. Fungua faili la amri za nakala, na juu kabisa, chini ya mstari wa kwanza, weka huu:

mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1

Maana yake, kama hapo hapajafunguliwa diski ya kweli, acha kazi yote. Baada ya hapo ndipo diski ya Kigamboni irudi nyumbani.

Sasa upande wa pili. Tuseme orodha ya uamkaji inaishia Jumamosi jioni, na baada ya hapo hakuna kitu. Hapo inaelekea kiboksi hakikuufikia mfumo kabisa, na diski peke yake haiwezi kukusimulia kilichotokea. Inabidi ukisikilize kinapoamka, kupitia waya wa siriali.

Ndani ya kifuniko, kwenye bodi, vingi vina pini nne zilizopangwa mstari: ardhi, kutuma, kupokea, na umeme wa volti 3.3. Unahitaji kifaa kidogo cha USB kwenda siriali cha volti 3.3, cha chipu ya CH340, CP2102 au FTDI. Wauza vifaa vya elektroniki wanavyo, na si ghali. Usitumie kebo ya siriali ya kompyuta za zamani, ile ya pini tisa: hiyo hutuma volti kubwa zaidi, chanya na hasi, na itaiunguza bodi. Kwa multimita, kiboksi kikiwa kimezimwa, pini inayogusana na chuma cha tundu la USB ndiyo ardhi. Ukikiwasha, pini inayokaa imara kwenye volti 3.3 ni ya umeme, na inayochezacheza sekunde za mwanzo ndiyo inayotuma. Ile ya umeme usiiunganishe na kitu chochote. Unganisha ardhi kwa ardhi, na kutuma kwa kupokea, kwa kukingamisha. Kwenye laptop fungua PuTTY, programu ya kusomea maandishi ya siriali, kwa kasi ya 115200, kisha washa kiboksi.

Yaliyoandikwa ya mwisho kabla ya ukimya ndiyo yenye habari. Ukiona Hit any key to stop autoboot, U-Boot ni nzima. Ukiona bad CRC, using default environment, mipangilio ya U-Boot iliyoandikwa kwenye chipu imeharibika na inatumia ya asili, ambayo pengine inatafuta ule mfumo wa kiwandani rafiki yako aliouondoa. Ukiona Waiting for root device, au Kernel panic yenye maneno VFS: Unable to mount root fs, kerneli imeamka lakini imeelekezwa patisheni isiyopo, mara nyingi kwa sababu ya yale majina ya sda na sdb kusogea. Na usipoona herufi hata moja, badilishana waya za kutuma na kupokea kwanza. Kama bado kimya, rudi kwenye adapta kabla ya kuilaumu bodi.

Ndani ya U-Boot amri ya kwanza iwe printenv, inayoonyesha mipangilio yote. Inakili nzima kwenye faili la laptop. Unaweza kujaribu mabadiliko kwa setenv, kwa mfano kuongeza rootdelay=10 kwenye bootargs, maelekezo yanayopewa kerneli, ili diski nzito ipate muda wa kuzunguka, kisha ukaendelea na boot; hayo yanaishi mpaka kizimwe tu. Amri ya saveenv ndiyo inayoandika moja kwa moja kwenye chipu. Usiitumie mpaka mabadiliko yamekwisha kufanya kazi, wala siku ambayo umeme unachezacheza.

Kuna tahadhari mbili za baadaye, maana mtu mwenye kiboksi cha umri huu atakutana nazo. Ukilazimika kubadili diski ya kwanza, usiifomati kiholela kwenye Linux mpya. Tangu toleo la 1.43 la e2fsprogs, programu za kuundia ext4, la mwaka 2016, ext4 huundwa ikiwa na vipengele vya 64bit na metadata_csum, na U-Boot za zamani nyingi hazivielewi: diski ni nzima, kerneli imo, lakini U-Boot inadai hakuna faili. Patisheni ya /boot iunde kwa ext2 na utaepuka hilo. La pili ni la Debian yenyewe. Kama kichakataji chako ni Marvell Kirkwood, ile jamii iliyokuwa maarufu tangu mwaka 2009, kinaendeshwa na Debian ya armel, toleo la vichakataji vya ARM vya zamani. Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha armel, na kerneli zake kwa upande huo ni za Raspberry Pi za mwanzo tu. Angalia kwa amri uname -m: ikijibu armv5tel, baki na Debian 12, hata mtu akuambie mpya ni bora.

Na umeme. UPS ndogo ya 650VA inatosha kiboksi na ruta. Nunua yenye tundu la USB, uiunganishe na kiboksi, uweke programu ya nut, ili betri ikikaribia kwisha kiboksi kijizime chenyewe kwa utaratibu. Kwa mtu mwenye harusi za watu mikononi, ningeinunua hiyo kabla ya lenzi nyingine.

Ukifika mahali ukakwama, niandikie mambo matatu: maandishi yote ya lsblk -f, fstab yako ilivyo, na mistari ishirini ya mwisho ya journalctl au ya siriali. Nakili maandishi yenyewe, usiyapige picha kwa simu, maana herufi za UUID hazisomeki kwenye picha. Na uniambie pia jibu la fundi, kama alikubali lile dirisha au alilifunga.